Pampu Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Ukitaka kumuudhi Fanuel Ogweno, mwambie injini yake ina kelele. Atakwambia, tena kwa sauti ya kusikika mpaka ufuoni, kwamba injini isiyo na kelele imeshakufa, inangoja kuzikwa tu. Miaka ishirini na mitano ametengeneza injini za boti pale Sindo kando ya ziwa, kichwa kimezama ndani ya mashine, na masikio yake ndiyo yaliyolipia. La kushoto linasikia nusu. La kulia linasikia linapotaka. Ndiyo maana huongea kwa kupaza, hucheka kwa kupaza, na kanisani pasta akisema tuombe kimya kimya, watu hungoja kwanza Fanuel amalize.

Lakini usimdharau. Mpe bisibisi ndefu, aweke ncha kwenye chuma cha injini na mpini kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, atakwambia ni beringi gani imekwisha na itakufia siku gani. Wavuvi hutoka mbali kumletea mashine zao. Wanamtania mbele yake na kumsifu nyuma yake, na hiyo ndiyo heshima ya Sindo.

Mkewe ni Phanice, Mkuria wa Kegonga, fundi cherehani sokoni. Walikutana Fanuel alipoitwa huko juu kufufua mashine ya kusaga unga ya mzee Werema. Alilala chini ya mashine hiyo siku mbili, akatoka mweusi kwa grisi na mweupe kwa unga, na binti wa mwenye mashine akamcheka mpaka akaketi chini. Basi. Mambo yalipofika kwa wajomba wakakunja nyuso, wakasema hawatoi msichana kwa watu wa samaki. Aliyewanyamazisha ni mama wa Phanice, Mama Wangwe. Alisema mtu aliyelala chini ya mashine yake siku mbili hataacha binti yake alale njaa. Fanuel hakuwahi kusahau neno hilo. Mama yake mwenyewe alikufa yeye angali mdogo, na miaka hii yote, akisema "Mama" bila kuongeza jina, anamaanisha Mama Wangwe.

Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Cha Fanuel kimechovywa katika Kijaluo, cha Phanice katika Kikuria, na watoto wao wawili, Irine na mdogo wake walio bwenini, wakirudi likizo huongeza sheng juu yake. Ukiingia nyumba hiyo lazima uzoee.

Sasa, gari. Kulikuwa na watu fulani waliozunguka wakihesabu ndege, wakilala katika gari lao lenye kitanda ndani. Giaboksi ilikufa karibu na Ndhiwa, wakachoka nalo, wakaliuza kwa bei ya bati. Nani alinunua? Nani mwingine. Fanuel alilivuta kwa trekta ya kubeba miwa mpaka Sindo, watoto wakikimbia nyuma, na akalipandisha juu ya mawe pale uani, hatua kumi na tano kutoka mlango wa nyumba yake. Alilipaka rangi, akatia sola juu ya paa. Ndani mlikuwa na kitanda, meza ya kukunja, jiko la gesi, sinki, na choo kidogo cha kukalia chenye mlango wake. Tangi la maji lilijazwa kutoka nje, ubavuni. Chini ya kitanda palikuwa na pampu ndogo ya betri. Ukifungua mfereji inaamka, ukifunga inalala.

"Umenunua gari isiyotembea," Phanice alisema.

"Hii si gari, Mama Irine. Hii ni nyumba."

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Phanice alitikisa kichwa akarudi kwenye cherehani yake.

Februari, Mama Wangwe akaanza kuumwa mgongo. Alidhani ni jembe. Phanice alipomfikisha kwa daktari mmoja pale Homa Bay, picha ilionyesha jiwe kwenye figo ya kushoto. Si kubwa, daktari alisema, linaweza kutoka lenyewe, ila mama anywe maji lita tatu kila siku, ameze dawa hizi, na kila Alhamisi aje aonekane. Mwezi ukiisha na jiwe lingali pale, itabidi apasuliwe. Neno hilo liliwakata maini wote. Dada yake mdogo Mama Wangwe aliingia thieta kwa jambo dogo tu na hakuamka. Na yeye mwenyewe alikuwa na miaka sabini na mbili na presha.

Kutoka Kegonga kila Alhamisi haikuwezekana. Ingebidi akae Sindo. Lakini alale wapi? Hapa Wajaluo na Wakuria, ambao hubishana hata juu ya ng'ombe aliyelala, hawana ubishi: mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Mkwe haingii anapolala, hagusi kitanda chake, na akiweza hata asikitazame. Wanasalimiana kwa mbali. Hawali wala hawanywi mmoja mbele ya macho ya mwenzake. Miaka kumi na tisa ya ndoa, Fanuel hakuwahi kumwona mama huyo akitia hata tone la chai mdomoni, arusini wala matangani.

Ni Mama Wangwe mwenyewe aliyekata shauri. Alisimama uani na mkoba wake, akalizunguka lile gari.

"Ina magurudumu?" aliuliza, akiwa amemgeuzia Fanuel bega.

"Manne, Mama. Na moja ya akiba."

"Na usukani?"

"Uko."

"Basi ni gari. Nimepanda gari na padri, nimepanda na chifu, nimepanda hata na baba mkwe wangu kutoka Kehancha, na hakuna mtu alisema tumelala nyumba moja."

"Hii ni gari kabisa, Mama," Fanuel alisema. Phanice alimtazama, akachukua mkoba, akaupandisha ndani.

Asubuhi ya kwanza Fanuel alikuwa kibarazani na chai yake, moyo mweupe. Ndani ya gari, Mama Wangwe alifungua mfereji anawe uso. Pampu iliamka. Sasa, pampu ile ilikuwa imekazwa kwa skrubu nne juu ya sakafu ya plaiwudi, na plaiwudi ikapiga kama ngoma. Mapaipu yakagonga ukuta. Vikombe vikatetemeka rafuni. Kuku walihama uani. Fanuel alitabasamu mpaka jino la mwisho, kwa maana pampu ilikuwa inavuta. Na kwa kuwa alilelewa vizuri na anajua mgeni haachwi peke yake, akapaza sauti:

"Maji yanatoka vizuri, Mama?"

Sauti ndogo ikajibu kutoka ndani: "Yanatoka."

Tangu hapo pampu haikulia bila Fanuel kuiitikia. Ikilia alfajiri, "Umeamka salama, Mama?" Ikilia baada ya chai, "Hakuna shida huko, Mama?" Na choo kile, ukivuta maji yake, pampu ilikaa ikinguruma muda mrefu ikijaza, kwa hiyo hapo Fanuel alipata nafasi ya kuulizia na mgongo. Lynnet, jirani wa upande wa pili wa ua, alianza kujua saa bila kutazama simu. Fanuel alifurahi kweli. Alimwambia Phanice kwamba katika maisha yake yote hajawahi kuzungumza na mama mkwe wake kiasi hicho.

Siku ya nne pampu ikapunguza kulia. Siku ya tano ililia mara mbili tu. Fanuel alikagua betri, akakagua sola, akakuta ziko sawa, akakuna kichwa.

Alhamisi daktari alitazama majibu ya mkojo, akamtazama Mama Wangwe. Jiwe halikuwa limesogea hata kidogo. "Mama, hunywi maji," alisema. Mama Wangwe akasema anakunywa. Phanice naye akaapa anakunywa, kwa sababu kila asubuhi alimjazia jagi la lita tatu na kila jioni alilikuta tupu.

Walirudi Sindo na jua la Februari, ardhi imekauka mpaka inapasuka. Phanice alipita nyuma ya gari kuanua nguo akaona shina la mpapai limelowa. Limelowa chepechepe. Alisimama pale akiutazama mpapai, kisha akaingia ndani ya gari na kumkuta mama yake anakunja leso zake, anazitia mkobani.

"Jumamosi narudi Kegonga," Mama Wangwe alisema.

"Jiwe je?"

"Nitaenda nalo."

Phanice aliketi kando yake. Alijua mama yake hasukumwi, akangoja. Mama Wangwe alikunja leso moja mara tatu.

"Mwanangu, mtu akinywa maji, yanakaa tumboni milele?"

"Yanatoka, Mama."

"Na yakitoka humu ndani, ni nani Sindo hii hajui?"

Phanice akaanza kuelewa. Mama Wangwe aliinamisha uso.

"Mume wako ananisalimia," alisema. "Juzijuzi nilihesabu, mara saba. Phanice, mkwe wangu ananisalimia chooni."

Phanice aliuma mdomo ndani kwa ndani. Alitamani kucheka na alitamani kulia, na hakufanya lolote. "Mama, mficha ugonjwa kifo humuumbua," alisema.

"Najua. Bora kiniumbue kwangu."

Jikoni, Phanice alimwambia mumewe kila kitu bila kupunguza. Fanuel alikaa juu ya kigoda na ule mwili wake mkubwa, akasikiliza kwa sikio la kulia, na uso wake ukabadilika kidogo kidogo.

"Yawa, jamani," alisema. "Mimi nilikuwa namheshimu."

"Najua, Baba Irine."

"Nilidhani namchangamsha."

"Hata yeye anajua. Ndiyo maana hakukwambia."

Alifunika uso kwa viganja. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu utoto. Lakini zaidi ya aibu aliona hofu, kwa sababu aliweza kulihesabu jambo lenyewe kwa vidole: mama hanywi, jiwe haliendi, mwezi unaisha, kisu. Mwanamke aliyempa mke angekwenda kulala kwenye kile kitanda cha thieta kwa ajili ya pampu ya Fanuel na mdomo wa Fanuel. Hapana. Hilo hapana.

"Pampu nitainyamazisha," alisema, akainuka. Halafu akaketi tena. Pampu iko chini ya kitanda. Kitanda ni cha nani?

Waligeuza jambo hili huku na huku. Kumngoja mama aende kliniki hakusaidii, kitanda ni chake hata asipokuwepo. Kumwita fundi mwingine ndiyo kabisa: fundi angeuliza kwa nini, na kabla ya jua kutua kila mchuuza omena pale ufuoni angekuwa na jibu. Fanuel alitazama mikono yake, minene, yenye ujuzi wote wa dunia, isiyofaa kitu. Kisha akatazama ya Phanice.

"Mimi?" Phanice alisema. "Mimi sijawahi kushika spana."

"Wewe utakuwa mikono. Mimi nitakuwa sikio."

Ijumaa saa tisa Mama Wangwe alikwenda na Lynnet kwenye mkutano wa akina mama kanisani. Akina mama wa kanisa hilo hawajawahi kumaliza kabla ya saa kumi na moja, na hapo ndipo walipopata nafasi yao. Phanice aliingia na tochi ya simu, akalala kifudifudi chini ya kitanda cha mama yake. Fanuel alibaki nje, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaweka ncha ya bisibisi kwenye bati la gari na mpini nyuma ya sikio, akafumba macho.

"Fungua mfereji," alisema.

Bati likaunguruma. Fanuel alisikiliza muda mrefu, uso umekunjamana.

"Kelele si moja," alisema. "Ni tatu. Pampu inapiga sakafu. Paipu inapiga ukuta. Na maji yenyewe yana kwikwi, yanakuja yanakatika. Funga. Tuanze na sakafu. Angalia skrubu, lazima zimelegea. Kaza."

Hapo ndipo palipokuwa na kosa, na ni kosa la mtu wa boti. Ziwani, kitu kisichokazwa mpaka kilie kinaondoka na wimbi, na Fanuel hajawahi kulegeza kitu tangu alipoanza kazi. Phanice akakaza. Akafungua mfereji. Gari zima likatetemeka, na kikombe kimoja kikaanguka.

"Kaza tena!"

"Baba Irine, imezidi."

"Ndiyo nimesema kaza!"

Alikaza mpaka mkono ukateleza akajichuna kifundo cha kidole. Kelele ikawa ya kutoa watu majumbani. Phanice akaizima pampu, akalala chali pale chini akinyonya kidole, akitazama mbao za kitanda. Na hapo akaikumbuka meza yake ya sokoni.

"Nisikilize," alisema kupitia ukuta. "Cherehani yangu, unajua nimeiweka juu ya nini?"

"Juu ya meza."

"Miaka kumi na tisa, na hujui. Nimeiweka juu ya vipande vya pata-pata, hizi ndara za mpira. Kila mguu na kipande chake. Zamani ilikuwa inalia mpaka yule muuza dawa wa upande wa pili akataka kunihamisha. Na uzi ukiubana sana haushoni vizuri, unakatika au unavuta kitambaa. Kitu ukikibana sana kinalalamika. Hii pampu umeibana."

Nje, Fanuel alikuwa amefumbua macho. Fundi wa miaka ishirini na mitano alikuwa anafundishwa kazi na mtu aliyelala chini ya kitanda, na ubaya ni kwamba alikuwa anafundishwa sawa.

"Pata-pata zangu za bluu ziko mlangoni," alisema hatimaye. "Kata."

Phanice alitoka, akazikata kwa mkasi wake wa kazi, hakuzionea huruma. Aliinua pampu, akaweka vipande vinne vinene chini yake, akarudisha skrubu na kuacha kuzikaza kabla hazijauma. Alifungua mfereji. Ile ngoma ya sakafu ilikuwa imekwisha.

"Moja imekufa," Fanuel alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtoto.

Kelele ya pili ilikuwa rahisi. Paipu ngumu iliyotoka kwenye pampu ilikuwa inabeba mtetemo wote na kuupeleka ukutani. Fanuel alipitisha dirishani mpira laini, mpya, ule wa mafuta ya boti, urefu wa mkono mmoja. Phanice aliufunga mahali pa ile paipu, akauacha ujikunje wenyewe bila kugusa chochote. Mapaipu mengine aliyavika vitambaa vilivyobaki kwenye nguo za watu, la kwanza kitenge cha mke wa mwalimu, la pili sare ya shule, akayafunga kwa uzi. Kelele ya tatu, ile kwikwi ya maji, ilihitaji kipande cha paipu ya plastiki kilichozibwa juu, kisimame wima kando ya pampu na hewa ndani yake, maji yakisukumwa kwa kishindo yapate mahali pa kupumzikia. Fanuel alikitengeneza palepale juu ya goti lake na kukipitisha dirishani. Phanice alikifunga, akapaka gundi, wakaingoja ikauke. Ilikuwa karibu saa kumi na moja.

"Haya, fungua," Fanuel alisema.

Hakusikia kitu.

"Fungua, Phanice."

"Nimefungua."

"Fungua basi, mama anakuja!"

"Fanuel, sinki imejaa."

Alibandika sikio lake zuri kwenye bati lenyewe. Mbali sana, kama mtu anayeimba akiwa amefunga mdomo, pampu ilikuwa inafanya kazi. Alikaa hivyo kitambo. Hajawahi kuipenda mashine yoyote namna ile, na hii hata hakuigusa.

Phanice akatoka na vumbi kichwani, akasimama mbele yake na mikono kiunoni.

"Pampu imenyamaza," alisema. "Imebaki moja."

Fanuel alielewa. Aliinua kiti chake cha chai kutoka kibarazani, akakipeleka upande wa pili wa nyumba, unaotazama ziwa, ambako hata mlango wa gari hauonekani.

Mama Wangwe aliporudi alifungua mfereji anawe mikono, akaondoa mkono haraka, akatega sikio.

"Betri imeisha?"

"Hapana, Mama," Phanice alisema. "Maji si yanatoka?"

Yalikuwa yanatoka. Mama Wangwe aliyatazama, kisha akatazama kitanda. "Nani aliingia chini ya kitanda changu?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Tazama."

Alimwonyesha kile kifundo kilichochunika na kucha zilizojaa uchafu. Mama Wangwe aliuchukua mkono huo, akaupaka mafuta polepole, kila kidole, kama alivyofanya Phanice alipokuwa mdogo. Hakuuliza zaidi. Jumamosi ilifika ikapita, na mkoba haukutoka mlangoni.

Sasa aliyeteseka alikuwa Fanuel. Zamani alijua, pampu ilimwambia kila kitu. Sasa aliketi upande wa ziwa na chai inapoa, hajui mama anakunywa au hanywi, na kuuliza hawezi. Alichoweza ni kujaza tangi kila alfajiri, kwa kuwa lilijazwa kutoka nje. Jumapili uliingia mtungi mmoja. Jumatatu mmoja na nusu. Jumatano mitungi miwili na bado likataka, na Fanuel akamiminia maji huku anacheka peke yake. Lakini maji ya tangi yanaweza kuwa ya kufulia. Alijua hivyo pia, na alikosa usingizi.

Alhamisi hiyo jiwe lilikuwa limeshuka kidogo, daktari akasema. Alhamisi iliyofuata hakusema mengi. Alhamisi ya nne ndiyo ya picha, na baada ya picha, kama lingali pale, barua ya kwenda kupasuliwa.

Siku hiyo Fanuel aliharibu kila alichogusa. Alifunga kabureta kinyume, akamwaga mafuta ya mvuvi mmoja, akaambiwa aende nyumbani apumzike. Alipiga simu ya Phanice mara nane, haipatikani. Saa tisa alikuwa amekaa uani juu ya ile ndoo, mikono mitupu, lango likafunguka, akaingia Mama Wangwe peke yake. Phanice alikuwa ameshukia sokoni kununua samaki.

Fanuel aliinuka, akasogea kando kama inavyotakiwa, akatazama chini.

"Safari ilikuwa salama, Mama?"

"Ilikuwa salama."

Lakini mkwe aulizeje habari za figo? Aulize limetoka, limetoka wapi? Alisimama pale na swali limemjaa kifuani, akatazama vidole vyake vya miguu. Mama Wangwe alipita akielekea gari. Hatua chache akasimama, akageuka, akamtazama huyu mtu mkubwa anavyohangaika. Kisha akaingia ndani.

Hakuna kilichosikika. Alipotoka alishika kikombe kikubwa cha plastiki, kimejaa hadi ukingoni. Aliketi kwenye ngazi ya mlango wa gari. Hakugeuza bega, hakujifunika kwa leso. Aliketi amemkabili, akainua kikombe, akanywa.

Fanuel hakujua aweke wapi macho. Miaka kumi na tisa. Mwishowe akayaacha palepale, akamtazama mama yake akinywa maji, bila haraka, funda baada ya funda, mpaka mwisho. Mama Wangwe alikipindua kikombe amwonyeshe kwamba hakuna kitu kilichobaki.

"Jiwe halipo, mwanangu," alisema. "Daktari ametazama figo zote mbili."

Fanuel alilia palepale alipokuwa amesimama, na hakujali nani anamwona. Mama Wangwe alimwacha alie. Aliinuka, akaingia ndani kujaza kikombe kingine.